Nani Alibeba Nani kule Birmania

Banza ndugu yangu,

Minyi, mimi huyu, njo mutu mukubwa hapa Kamina sasa. Pale gare, ku stesheni, treni haiondoke kama sijasalimiwa. Wakikuuliza huko uliko nani alimaliza vita ya Birmania, ile Baingereza banaita Burma, sema tulikuwa bawili: mbele ya machela minyi, nyuma weye.

Habari njo hii: Marie, binti yako, ameolewa Jumamosi. Ndugu zako balileta samaki ya kwenu Kinkondja vikapu viwili. Nikawaambia kwa utani, sisi ba Kaniama, bakulima ba mahindi, tunakula samaki kwa kuwahurumia tu. Bakasema mahindi yetu ni ya kuku. Ilikuwa furaha, ndugu, hata Mama Marie alicheka.

Halafu baba ya bwana-arusi akasimama. Unajua, kwetu mutoto hatoke mu nyumba bila sifa ya baba yake. Akasema, kwa upole, amesikia Banza alienda vita, lakini pengine alipigana na vitunguu mu jikoni. Batu bakacheka. Marie akainamisha kichwa, halafu akaniangalia.

"Baba mudogo, sema weye."

Ndugu, miaka yote hii ku baa nimesema ni minyi nilikubeba weye. Na basikilizaji bangu bote balikuwa pale, na bia mu mukono.

Nikasimama. Nikasema: Banza alinibeba. Tulikuwa na majeruhi ku machela, mvua inanyesha, mianzi imefunga njia, risasi zinakata majani juu yetu. Nikaanguka na homa. Weye ukafunga yule majeruhi mugongoni na blanketi, sawa mama na mutoto, ukamufikisha kwa munganga. Halafu ukarudi peke yako, mu ile risasi, ukanivuta ku machela mu matope, unaimba wimbo wa kupiga kasia wa ziwa yenu ya Kisale. Nikalia. Ukaniambia, "Nyamaza, Bajapani batafikiri tumeleta mbuzi."

Nyumba nzima ikacheka, lakini kicheko ingine. Yule muzee wa vitunguu akavua kofia, akamupa Marie kiti yake. Mutoto wako alicheza mupaka kisigino ya kiatu ikatoka.

Pumzika muzuri, Banza. Bajukuu bako batasikia hii habari kwa kinywa changu, na nakuahidi nitaisema yote, hata ile niliruka Jumamosi. Weye ulijua, ukanyamaza mupaka kaburini. Haikuwa homa. Ilikuwa ruba tatu, wale badudu ba kunyonya damu, mu suruali yangu, na minyi nilikataa kutembea.