Feni Iliyokufa Zamani

Shoga, acha unachofanya unisome.

Unaijua laptop yangu kuukuu, inayokoroma kila asubuhi nikiketi kuandika ripoti za ofisi, baba akiwa kitini nyuma yangu na gazeti lake? Leo ilikoroma hadi nikaifunga katikati ya sentensi. Baba akacheka, "Imezeeka kama mimi. Ipeleke kwa fundi."

Nikaipeleka. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akanitazama. "Dada, feni yake imekufa siku nyingi. Mashine hii ni bubu."

Imekufa siku nyingi. Sasa mimi nimekuwa nikisikia nini?

Nikarudi, nikaiweka mezani bila kuiwasha. Nikatulia. Mkoromo ukaanza, uleule, nyuma yangu.

Nikageuka. Baba ana mkono mmoja kifuani, na kwa mwingine ameinua gazeti afiche uso.

Mwezi mzima, shoga. Mwezi mzima nalaumu mashine, na yeye ananiitikia.

Nikamwambia, "Baba, laptop imezimwa."

Akalishusha gazeti.

"Ni mimi, mwanangu. Pumzi hainitoshi. Niliogopa ukijua utaacha kazi uniuguze."