Jiwe la Bibi la Kusugulia Vyungu

Buffalo, Jumapili, tumetoka kanisani

Mama yangu,

Shikamoo Mama. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua imefika, au imelala Mbeya kama ya kwanza? Sisi huku wazima, ila nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka kope. Theluji inaanguka tangu Jumatano, na mjukuu wako Neema nikimwambia avae soksi mbili ananijibu kwa Kiingereza kwamba yeye si mtoto mdogo. Haya.

Nimeshika karatasi kwa sababu kwenye simu nilikujibu vibaya. Uliniambia macho hayaoni tena, hufinyangi, ukauliza kama lile jiwe la bibi la kusugulia vyungu umpe Tumaini, mtoto wa mama mdogo. Nikasema, "Mpe tu, mimi la nini?" Nilikuwa kituoni nasubiri basi, baridi inanikata masikio. Tangu siku ile sina raha, na wiki hii ndiyo nimejua kwa nini.

Unamkumbuka yule mzee Mjapani ninayemfanyia usafi, mfinyanzi? Zamu ya kiwandani ikiisha napanda basi hadi kwake, huku huku mtaa wa West Side, nyumba ya mbao ya zamani, karakana iko uani. Anaitwa Mzee Haruo. Kiingereza chake na changu vyote vya kuokoteza, ndiyo maana tunaelewana. Ukali wake sasa! Siku ya kwanza nilishika ufagio, akaninyang'anya. Vumbi la udongo linakula mapafu, sakafu hufutwa kwa maji. Mwaka mzima nikawa wa kufuta tu. Halafu siku moja akanikuta nakanda udongo uliobaki mezani, vile unavyokanda wewe.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

Kesho yake nikakuta udongo wa kukanda umewekwa upande wangu wa meza.

Wanasema mfinyanzi hulia gaeni, na mimi nimeona kwa macho. Anakunywa chai kwenye kikombe kilichomeguka mdomo, vizuri vyote vinakwenda kwa watu. Bakuli moja anakaa nalo nusu siku, akiliona lina kasoro analiponda, linarudi kwenye ndoo. Siku hizi mikono inamtetemeka. Alisema atachoma mara moja tu msimu huu wa baridi, kwa ajili ya maonyesho, kisha apumzike. Kazi ya miezi minne, yote ndani ya tanuri moja.

Basi alichoma, akazima moto, asubuhi yake akaenda hospitali kupimwa, akaniachia ufunguo nifute sakafu. Siku za kufungua tanuri mimi sijawahi kuwepo. Nikasogeza mkono kwenye mlango wake, nikasikia joto bado kali. Hapo mwili ukafanya wenyewe, Mama. Kwetu chungu kikiiva tunakitoa motoni kwa fito kingali chekundu, na nikichelewa ulikuwa unaniita mvivu. Nikasema ngoja nimsaidie mzee wa watu. Nikavaa glavu zake, nikafungua. Na mlango wa karakana nyuma yangu nilikuwa nimeuacha wazi ili sakafu ikauke.

Baridi ikaingia. Nikasikia ti. Kimya. Ti. Halafu ti-ti-ti-ti, kama bisi kwenye sufuria. Kumbe tanuri lake hungojewa siku mbili lipoe lenyewe. Vyombo vyake vina ngozi ya kioo juu, vikishtuliwa na baridi vinapasuka.

Nilikaa chini nikalia. Kaka Lusajo, tangu ahame Louisville kwenda Columbus, kila siku ananiita huko, eti mtaa wao wa Reynoldsburg maghala yanatafuta watu. Nikasema basi, nitakwenda kubeba maboksi, hapa nimeshaua kazi ya mtu.

Mzee aliporudi alitoa kimoja kimoja, akavipanga mezani. Akakalia ndoo.

"Kwa nini ulifungua?"

Nikamweleza yote, manyasi ya kuchomea, fito, mtungi unaoutoa motoni ungali mwekundu.

"Na haupasuki?"

"Haupasuki. Udongo wake una mchanga. Na kabla haujachomwa mama anausugua kwa jiwe mpaka unang'aa. Lilikuwa la mama yake."

"Jiwe hilo liko wapi?"

Mama, hebu fikiria. Vyombo vyake vimekufa mbele yake, na yeye anauliza jiwe letu. Mimi mwenye jiwe nilishasema la nini.

Usidhani alinisamehe palepale. Siku tatu sikukuta udongo upande wangu wa meza. Ya nne akanipa nyundo, tukavunja vyote, nikazoa mimi. Kisha akasema atachoma mara moja tena theluji ikiisha, ila kukanda nitakanda mimi, yeye hawezi. Lusajo nimemwambia siji.

Nilikimbia udongo, Mama. Nilikuwa naona aibu kwenda shule na kucha nyekundu. Sasa kila siku narudi nyumbani na kucha hizohizo, na mgongo unaniuma palepale ulipokuwa unakuuma wewe. Nisamehe kwa lile jibu.

Nisalimie mama mdogo, shangazi wa ng'ambo ya mto, na mzee wa kanisa aliyeniombea nilipoondoka. Mwambie sala yake bado inafanya kazi, japo kwa shida.

Na wewe Tumaini, mdogo wangu, najua ndiye unayemsomea Mama maneno haya, na najua jiwe unalo. Likae kwako, wewe ndiye unayefinyanga. Mimi nimeokota langu kando ya ziwa la huku, bado lina makwaruzo, nitalisugua mpaka lilainike. Ila kabla hujakunja hii karatasi, kalilete, umwekee Mama kiganjani. Alishike kidogo.

Mwanao,
Atupele