Ile Video Ilikuwa ya Nusu Saa Tu

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani, ambako baridi ni ile ya kwetu Kiganjo ya mwezi wa saba, ila hii haina mpango wa kuondoka. Mimi niko mzima wa mwili. Wewe je, miguu bado inavimba? Na kaka yangu Wafula, macho yake yamepungua umanjano ama bado? Nauliza huku naogopa jibu.

Dada Nekesa alinipigia Jumapili akilia. Madaktari wamempima na kukubali amkatie Wafula kipande cha ini lake, lakini Wafula amekataa. Ati hawezi kukubali dada yake apasuliwe wakati mimi, Barasa, nafanya kazi kwenye maabara ya maini ya nguruwe. Ati kila mgeni anaonyeshwa ile video niliyowatumia, hata wapagazi wenzake wa kubebea watalii mizigo mlimani kule Naro Moru wanakuja kuiangalia.

Mama, kosa ni langu. Nilitaka mjue kwamba mtoto wa polisi kama mimi hapigi deki tu huku majuu. Mliona ini la nguruwe kwenye mashine, damu ya binadamu ikipitishwa ndani yake, nalo linang'aa na kutoa nyongo. Ukaniambia, "Mungu ni mkubwa, hiyo ini itafaa mtoto wangu." Nikacheka, sikukukatalia.

Ile video niliichukua nusu saa ya kwanza tu. Baadaye presha kwenye mashine ikaanza kupanda, na daktari wetu akasema, "Damu imeshamjua mgeni." Damu ya mtu iko na askari wake, Mama. Walishambulia mishipa ya lile ini, damu ikaganda ndani, likavimba, likatoka mabaka meusi, nyongo ikakoma. Kabla ya chakula cha mchana nililibeba mwenyewe kwenda kulitupa, limekuwa gumu kama kiazi kibichi. Hata maini ya wale nguruwe waliobadilishwa mbegu za urithi ili wakaribiane na binadamu hukaa muda zaidi, halafu nayo huanza kuharibika. Hapa maabara kwetu hakuna aliyethubutu kumwekea mtu ini kama hilo.

Nikifumba macho naliona lile ini likiwa ndani ya Wafula. Naogopa sana. Namwogopea Nekesa pia, maana kupasuliwa si mchezo. Lakini damu yao ni aina moja, na ini lake likikatwa litakua tena. Wafula atameza dawa maisha yake yote ili mwili usilikatae, sawa, ameze. Madaktari wamesema hawezi kungoja hata mwezi.

Nimeshindwa kumwambia kwa simu. Kila nikisikia ile sauti yake iliyokonda, naropoka tu, "Utapona, bro." Ndiyo maana nimeandika, na barua inakuja na mwenzangu anayesafiri kesho. Usimpe mtu mwingine amsomee. Msomee wewe, asubuhi akiwa na nguvu kidogo. Akikasirika, anikasirikie mimi.

Nisalimie shangazi anayekusaidia kumwogesha, na mchungaji anayekuja kumwombea, na mama jirani anayewaletea maziwa. Nekesa mwambie nalia naye.

Na Wafula mwambie asiningoje. Mimi sina ini la kumletea. Nekesa analo.

Ni mimi mwanao, niliyewadanganya kwa kunyamaza,
Barasa