Karanga za Mama Josepha

Justus, upo hapo Kigwa? Treni ya mizigo imeshapita? Ni mimi Raymundi, nagonga waya wa simu kutoka stesheni ya Tabora.

Nimemponza Mama Josepha, yule mkulima wa mtaa wa Cheyo.

Unavijua vipimajoto vyangu viwili, kimoja wazi, kingine kimevikwa kitambaa kinachonyonya maji kikombeni. Kitabu changu cha fizikia kinasema vikilingana, hewa imeshiba unyevu. Jana vililingana, nikajua mvua inakuja! Mama akapita na mbegu zake zote za karanga. "Mwanangu, nipande?" Nikamwambia panda. Mimi, Justus, nikamwambia panda!

Leo nimechungulia kikombe. Kikavu! Kuku walikunywa maji, kitambaa kikakauka, ndiyo maana vililingana. Mvua haiko karibu. Walio karibu ni mchwa, watazimaliza mbegu ardhini.

Nikakimbia Cheyo kumwambia afukue. Nikamkuta anaosha jembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi wa mvua! Nimefukia zote. Zilibaki hizi kidogo, nimekukaangia wewe."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme.

Nikazila karanga zile, Justus. Nimekaa kizingitini pake nikazila mpaka ya mwisho, naye ananishukuru.