Mnyoo Uliyemmwaga Kwenye Sinki

Mdogo wangu,

Salamu utazipata nikishapoa. Mama hajambo, na bomba la jikoni limetengenezwa.

Yule mnyoo bapa uliyemmwaga kwenye sinki la maabara, siku ulipokuja kunisalimia kazini, nilimwokota chini ya gogo msituni. Kwa macho alifanana na wenzake wanaojulikana, lakini vinasaba vilionyesha ni spishi mpya kabisa. Ili nimpe jina, ilibidi nimkate vipande vyembamba nione viungo vyake vya uzazi vilivyo. Nilikuwa na huyo mmoja tu. Nilimkuta humo sinkini amekauka kama ganda la kitunguu. Mkuu wangu akasema, "Bila mwili, hakuna jina."

Nilidhani ulitaka chupa alimohifadhiwa. Kumbe chupa uliiacha, ukanywa spiriti iliyokuwamo! Spiriti iliyohifadhi maiti ya mnyoo, mtoto wa mama yangu! Nilikaa sakafuni kwa hasira.

Mvua zikianza nitarudi msituni nitafute mnyoo mwingine. Wewe mwingine nitakutafuta wapi?

Mama nimemwambia chupa ilianguka. Sitamdanganya tena. Daktari wa kutibu ulevi anakungoja Jumatatu. Nitakuja mwenyewe kukuchukua hapo kwa mjomba, utake usitake.

Dada yako, ambaye bado hajapoa.