Bahasha ya Marta Imechomwa

Jumatano, Chamazi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, nami nina hasira tangu saa nne asubuhi.

Nakusanya sanaa ya posta. Wako wanawake wasanii wa nchi za mbali, wakorofi wasiosubiri kukaribishwa kwenye majumba ya maonyesho. Wanashona bahasha, wanazibandika vitambaa na kuzichora kwa mkono, kisha wanazitia stempu na kuzituma hivyohivyo. Bahasha ndiyo kazi yenyewe. Ndani mara nyingi hamna kitu, au mna karatasi tupu ya kuipa umbo.

Marta wa Uruguay ana miaka themanini na moja. Mwezi uliopita aliniambia kwa simu kwamba ananishonea ya mwisho, kwa kitambaa cha gauni la marehemu mama yake. Mikono inamtetemeka, hatashona tena.

Sina sanduku la posta. Natumia la shule ninayofundisha.

Leo Mzee Haule, karani wa masjala ya shule, ameniita. Nikamwamkia, akanikabidhi faili jipya lenye jina langu. Ndani mna karatasi moja nyeupe isiyo na hata herufi. Imegongwa muhuri IMEPOKELEWA, imepewa namba, imetobolewa matundu mawili na kufungwa kwa kamba.

"Bahasha yake iko wapi, mzee?"

"Bahasha sie hatutunzagi, Mwalimu. Zinaendaga shimoni, tumechoma juzi. Ila barua yako hiyo, salama kabisa."

Salama kabisa!

Nilikwenda shimoni bila mwavuli. Majivu yameshakuwa tope.

Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Nani anafungulia faili karatasi tupu na kuchoma bahasha ya kitambaa, tena iliyoshonwa kwa mkono?

Lakini niseme ukweli, maana hapa simdanganyi mtu. Bahasha za nyuma alikuwa ananipa bila kuzifungua. Hii, ni mimi niliyemwambia, "Mzee, kuna barua yangu muhimu sana inakuja, naomba uitunze." Niliona aibu kumwambia mtu mzima kwamba nakusanya bahasha. Naye akaitunza kama anavyotunza barua muhimu.

Bado nimemkasirikia. Mimi nimejikasirikia zaidi.

Jioni hii Marta ameniuliza kwa ujumbe: imefika? Ningeweza kumjibu ndiyo, asijue maisha yake yote. Sitaki. Kesho nakwenda posta kuomba sanduku langu mwenyewe, halafu nampigia.

Nitaanzia wapi kumwambia mwanamke aliyekata gauni la mama yake?