Risasi Fupi za Mugo

Oxon Hill, Maryland

Kwa ndugu yangu Riyadh,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta kibarazani kwako Mombasa na afya yako, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti limekubali dawa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza kutuuma masikio na buchani kwangu wateja ni wengi kuliko mikono. Umeniuliza habari za kisu cha marehemu baba. Nitakujibu, lakini kwanza nisikilize habari ya binti yangu Safa, kwa sababu najua Jumapili atakupigia simu.

Safa amepata mchumba. Anaitwa Mugo, kijana wa Nyeri, anafundisha hesabu chuoni College Park. Amesilimu siku nyingi na sala hazimpiti. Safa anampenda. Mimi nilimchukia tangu siku ya kwanza, alipovua viatu mlangoni akavipanga vizuri na vya kwangu. Sina sababu nzuri ya kukupa. Mikono laini, sauti laini, hata kikombe cha kahawa anakishika kama ameokota kifaranga.

Nilimwambia kwamba sisi ni watoto wa bucha, na kwetu mwanamume hapewi mke mpaka achinje mbele ya wazee, kama ulivyomchinja wewe yule beberu, ukatapakaa damu hadi kofiani. Akajibu kwa adabu kwamba yuko tayari. Nikamwambia mbuzi wa kununua ni mchezo wa watoto. Twende tukawinde kulungu, tena kwa rivolva, si kwa bunduki ndefu inayomuua mnyama hata hujamwona macho.

Rivolva niliichagua kwa msaada wa rafiki yangu Kipkemboi, Mkalenjin anayeuguza wazee kule Germantown na kuwinda kila msimu. Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba kulungu hapigwi na bastola ya mfukoni. Alinichagulia moja nzito, ya mtutu mrefu, akanionyesha kwamba silinda yake hupokea risasi za aina mbili. Kuna ndefu, zenye baruti nyingi na pua bapa, ambazo hupenya mpaka moyoni na kuurusha mkono wa mpigaji. Na kuna fupi, za kulengea shabaha tu. Alinionya kwa kidole kwamba hizo fupi nisithubutu kumpigia mnyama, maana zinaweza zisimuue, zikamtesa tu. Safa alikuwapo. Tangu utotoni mwake nafuatana naye uwanja wa shabaha, na risasi hizo anazijua kwa mlio.

Basi tukaenda watatu, mimi, Mugo na Safa, hadi shamba la rafiki wa Kipkemboi huko upande wa milimani. Mugo alikuwa amejiandaa, maskini. Amemuuliza imamu, akajibiwa kwamba mwindaji akipiga bismillahi kabla ya kufyatua na mnyama akafa kwa risasi hiyo, nyama ni halali na kisu hakihitajiki. Alinieleza hayo njia nzima, kana kwamba mimi nimezaliwa jana. Niliitikia tu huku naendesha gari.

Kulungu jike akatoka kichakani, karibu kabisa. Mugo akapiga bismillahi kwa lafudhi yake ya mlimani, akafyatua. Alilenga vizuri, siwezi kumnyima hilo, nyuma ya bega, palepale Kipkemboi anapopataja. Kulungu akaanguka, akainuka kwa miguu ya mbele, akaanza kujikokota analia. Mugo akafyatua tena, ikawa vilevile. Hapo nikamshika mkono, nikachukua rivolva, nikamkabidhi kisu cha baba na kumwambia mnyama yu hai, amchinje kama mwanamume.

Akapiga magoti. Akavua koti lake akamfunika kulungu macho. Akaanza kulia, akirudia kwamba amemuumiza. Nami nikacheka, Riyadh. Nilicheka kwa sauti. Nikamwambia nyumbani kwetu hata paka wana roho kumshinda yeye, na kwamba simwozeshi binti yangu mtu anayelia pamoja na kitoweo.

Safa akakitoa kile kisu mkononi mwa Mugo, taratibu. Unajua baba hakuruhusu mwanamke akiguse, na mimi nimeshikilia hivyo hivyo. Akamwelekeza kulungu kibla, akapiga bismillahi, akakata mara moja. Kisha akaja kwangu, akaichukua rivolva, akafungua silinda na kumimina maganda kiganjani. Yalikuwa mafupi. Aliniambia kwa Kiingereza, lugha anayonikasirikia, kwamba aliujua mlio tangu risasi ya kwanza, na kwamba alikuwa akingoja nione haya.

Ndiyo, ndugu yangu. Asubuhi ile, Mugo alipokuwa anaswali, mimi nilitoa risasi ndefu nikajaza fupi. Nilitaka mnyama asife. Nilitaka ateseke mbele ya yule kijana mpaka aibu imfukuze mwenyewe, mimi nibaki na mikono safi. Na nikuambie jingine: mnyama alipokuwa analia, mimi nilikuwa nafurahi.

Safa amehama. Jumapili atakuomba wewe, baba yake mdogo, uwe walii wake wa kumwozesha, kwa kuwa mimi nimekataa. Amenipa nafasi nikueleze kwanza, la sivyo ataeleza yeye. Nimeeleza. Sasa nakuomba ukatae. Usikatae kwa kuwa kijana hafai, maana anafaa. Kataa kwa kuwa mimi nimeshasema hapana mbele ya watu, na ukisema ndiyo, huku hakuna atakayeniita baba tena.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na ukipita makaburini umsomee baba Fatiha kwa niaba yangu. Kisu chake usiniulize tena. Anacho Safa. Alikipangusa damu kwenye mkono wa koti langu, mimi nikiwa nimelivaa, akaondoka nacho.

Ni mimi kaka yako,
Sheikhan